Ile hesabu ya kila mwezi ya watu kupunguzwa kazini irudi

Mpaka 2013 ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, BLS, ilikuwa inatoa kila mwezi hesabu ya watu kupunguzwa kazi kwa mkupuo, jimbo kwa jimbo, sekta kwa sekta, yani wakifika 50 wa mwajiri mmoja wameomba mafao ya kukosa kazi ndani ya wiki 5 basi tukio linahesabiwa. Viwandani ndo kulikuwa na balaa, hasa 2009. Halafu bajeti ikakatwa, programu ikafa, inaniuma kweli. Sasa zimebaki notisi za WARN, ile sheria ya 1988 inayomtaka mwajiri atoe taarifa siku 60 kabla ya kupunguza watu wengi, ila kila jimbo linatangaza kivyake na waajiri wadogo wa chini ya watu 100 haiwagusi kabisa.