Sumaku ya spika na TV ya chogo

Nafundisha fizikia hapa Kigoma, mwisho wa reli. Mwaka juzi binti mmoja wa kidato cha sita aliniuliza, "Madamu, sumaku inavuta chuma. Elektroni si chuma. Sasa inaivutaje?" Nikamwandikia kanuni ubaoni, akanakili, akakaa. Nilijua sijamjibu.

Jumamosi nikaenda Mwanga kwa fundi redio, nikaazima TV ya chogo isiyo ya rangi, na sumaku ya spika iliyokufa. "Ya rangi usiisogezee hiyo, mwalimu, itabaki na madoa," akanionya. Ni kweli. Nyuma ya kioo chake kuna bati lenye vitundu, nalo likishika usumaku rangi zinakwenda kombo.

Jumatatu tukaiunga na king'amuzi, taarifa ya habari ikawa hewani. Nikasogeza ncha ya kaskazini upande wa kulia wa kioo. Darasa zima lilisubiri picha ivutwe kulia. Haikwenda kulia! Uso wa msomaji ulijipinda, ukapanda juu. Nikageuza sumaku, ukashuka.

Hapo ndipo jibu lilipo. Picha ya chogo huchorwa na elektroni zinazorushwa kutoka nyuma hadi kwenye kioo, kwa hiyo picha ikihama, ni elektroni zilizosukumwa. Sumaku haiivuti elektroni. Inaisukuma kwa ubavu, tena ikiwa mwendoni tu, iliyotulia haiguswi. Wala haiiongezei kasi, inaikunja njia basi. Kasi ile imetoka kwa umeme, volti 10,000 na zaidi zilizomo nyuma ya chogo (ndiyo maana sikuruhusu mtu afungue kifuniko). Umeme unaisukuma elektroni hata ikiwa imesimama. Jumla ya misukumo hiyo miwili tunaiita nguvu ya Lorentz.

Nikawaeleza alichofanya mwanafizikia J. J. Thomson kule Cambridge mwaka 1897: aliupitisha mwali wa elektroni penye umeme unaosukuma juu na sumaku inayosukuma chini, akarekebisha mpaka ukanyooka. Misukumo ikilingana, qE = qvB: q ni chaji, E ni uga wa umeme, v ni kasi, B ni uga wa sumaku. Nikawapa uga wa umeme wa volti 20,000 kwa mita na uga wa sumaku wa tesla 0.002. Wakapata mita 10,000,000 kwa sekunde. Elektroni iliyo na kasi pungufu umeme unaishinda, iliyozidi sumaku inaikunja.

Yule binti akaja ubaoni bila kuitwa. Akaikata q ya kushoto, akaikata ya kulia, akakaa kimya akiitazama.

"Madamu, kwa hiyo hata protoni, ikiwa na kasi hiyohiyo, itapita imenyooka?"

Itapita.