Nilivyowapima Wagombea Udiwani kwa Jicho la Mpanda Baiskeli

Sisi tunaokwenda kazini kwa baiskeli hapa mjini Unguja hatumpigii kura Meya. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ushauri mbovu wote niliopewa msimu ule wa kampeni ulitoka kwa watu wasiolijua. Chini ya Sheria Namba 7 ya 2014 ya Serikali za Mitaa, mwananchi humchagua diwani wa wadi yake, na madiwani wakishakaa barazani ndio wanaomchagua Mstahiki Meya. Kwa hiyo anayetaka Meya atakayeitazama baiskeli kama chombo cha usafiri lazima aanzie kwenye karatasi ya diwani, ile ambayo wengi huitia alama kwa haraka baada ya kumaliza za marais, mbunge na mwakilishi.

"Subirini Meya apatikane, kisha mumpelekee barua," alituambia mtu mmoja wa kuheshimika pale maskani, kijiwe chetu cha mazungumzo ya siasa. Kauli hiyo ilinikera na inanikera mpaka leo, kwani Meya akishapatikana hana tena haja na mpanda baiskeli kwa muda wa miaka 5. Wakati wa kuuliza ni kabla, anapokuwa mgombea udiwani anayekuja mlangoni kwako kuomba kura.

Wenzangu walishauriwa waulize suali katika mkutano wa hadhara, kwa kikaratasi. Waliandika: "Je, unawaunga mkono waendesha baiskeli?" Baada ya ngoma na hotuba ndefu kikaratasi kikasomwa, na mgombea akajibu kwa sauti ya juu kwamba baiskeli ni maisha ya mnyonge na kwamba atatujengea njia yetu katika kila barabara. Watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye mgombea wa chama kingine akasema maneno yale yale, na wa tatu akaongeza ahadi ya fulana. Baya zaidi, mmoja wao alituomba tuongoze msafara wake na bendera tukazifunga kwenye usukani, kisha gari lake likawa linatupigia honi kwa nyuma tulipishe. Tulirudi nyumbani bila ya kujua nani bora kuliko nani, kwa sababu suali ambalo kila mtu hulijibu "ndiyo" halimpimi mtu.

Njia iliyofaa niliipata kwa fundi wetu wa baiskeli, na kwa hili najivunia. Kibanda chake kipo kando ya barabara karibu na Michenzani, na hapo hupita wauza mkate, wauza samaki, walinzi wa usiku na watoto wa skuli. Mgombea anayepita nyumba kwa nyumba hawezi kukikwepa. Tulichanga shilingi elfu chache za kahawa na kashata, tukakubaliana kwamba kila mgombea atakaribishwa kwa heshima, akinywa kikombe chake ataombwa atembee nasi hatua chache mpaka kwenye mtaro wenye mfuniko wa nondo. Nondo zile zilikuwa zimelala kufuata mwendo wa barabara, kwa hiyo gurudumu la mbele likiingia kati yake linanasa na mpandaji anaruka juu ya usukani. Zikilazwa kukingama, gurudumu hupita salama. Hatukumwambia mgombea lolote katika hayo, tulimuuliza tu, "Hili ni la nani, na dawa yake ni nini?"

Suali hili lina ugumu wake, kwa sababu barabara kuu zimo mikononi mwa Serikali Kuu, ilhali baraza linashughulika na usafi, taka, masoko na mitaro ya mitaani. Asiyeujua mpaka huo atakuahidi kila kitu. Wa kwanza alisema ataleta saruji kesho yake, wala hakuuliza ya nini. Wa pili aliilaumu Serikali na kuondoka, ingawa kabla ya hapo alikuwa ameahidi kuzipanua njia za Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Huyo nilimfuta papo hapo: Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na hakuna diwani atakayeruhusiwa kuzivunja kuta zake. Kwenye vichochoro vile la kuamuliwa ni nani aingie na chombo gani na saa ngapi.

Wa tatu, mwanamke wa makamo, alichutama akautazama mfuniko, kisha akamgeukia fundi: "Ami, wateja wako huanguka hapa wakati gani?" Fundi akamjibu kwamba ni magharibi, gari zinaporudi kutoka sokoni Darajani na kuwasukumia wapandaji ukingoni. Yule bibi akasema mfuniko unageuzwa kwa kazi ya asubuhi moja, lakini gari zinazoegeshwa ovyo ndizo kesi kubwa, na hiyo ni ya kupelekwa barazani. Hapo nikamuuliza atampa nani kura ya umeya. Alikiri waziwazi kwamba chama ndicho kinacholeta jina, ila kabla ya jina kupita kuna kikao cha madiwani wa chama, na humo ndimo atakamouliza habari ya maegesho. Jibu hilo lilinitosha.

Mkitaka kufanya hivi, nendeni baada ya alasiri, na mchanganyike wapandaji wa vyama vyote ili msihesabiwe kuwa maskani ya chama cha mtu. Majibu yaandikeni usiku huo huo. Na msikubali mtu awaambie kwamba mji hauna nafasi: barabara za Michenzani, zilizotokana na mpango wa mji wa 1968, ni pana kiasi cha kuitoa njia ya baiskeli bila ya kubomoa nyumba hata moja.

Yule bibi alishinda, na mfuniko umegeuzwa. Njia ya baiskeli bado hatujaipata, na suala la maegesho limeshasemwa barazani lakini halijaamuliwa. Daftari letu la majibu sasa lipo kwa wapandaji wa wadi ya jirani, ambao wanataka diwani wao aliunge mkono suala hilo litakaporudi barazani.