Slaidi ya HSP70

Nilikuwa bado najifunza patholojia, na sampuli ile ilitusumbua tangu asubuhi: uzi wa nyama uliochomolewa kwa sindano kwenye kivimbe kisichofika sentimita 2, ndani ya ini lililokwisha haribiwa na sirosisi, yaani makovu. Kwa rangi za kawaida, seli zilionekana zimesongamana kuliko jirani zao, basi. Huenda ni saratani changa, huenda ni kinundu tu. Daktari aliyenifundisha hakuipenda "huenda". Akaagiza kingamwili za aina tatu, kila moja ya kunasa protini yake kwenye seli na kuigeuza kahawia: glipikani-3, glutamini sinthetasi na HSP70. Zikishika mbili kati ya hizo, ni saratani.

Slaidi ya HSP70 ilipofika, nikakimbilia kivimbe.

"Anza na mirija ya nyongo, mwanangu."

Seli za mirija hiyo huwa na HSP70 hata zikiwa nzima. Zisipogeuka kahawia, kipimo kimeharibika na hakuna cha kusoma. Zilikuwa kahawia. Nikasogeza slaidi taratibu. Kwenye kivimbe, kahawia ilijaa ndani ya seli mpaka kwenye viini, kisha ikakatika ghafla mpakani. Ng'ambo ya pili viini vilibaki samawati vitupu.

Mimi HSP70 niliijua kwa wema wake. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, aliripoti kwamba kromosomu za nzi wa matunda zilivimba baada ya joto la kasha lao kupandishwa. Baadaye ikajulikana kwamba seli ilikuwa inaandaa protini za kujihami. HSP70, yenye uzito wa kilodalton 70 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), hukunja upya protini zilizovurugika na kuizuia seli isijiue.

"Daktari, mbona hapa hakuna joto?"

"Joto la nini? Seli ya saratani inatengeneza protini kwa fujo, nyingi zimepinda. Shida haiishi. Bila huyu mlinzi ingekufa zamani."

Nikauliza kama basi HSP70 ndiyo iliyoanzisha saratani. Akatikisa kichwa: slaidi inaonyesha kwamba ipo, haionyeshi nani alitangulia. Jibu hilo nalikubali mpaka leo, ingawa wapo wanaopenda kumpa kila mhusika cheo cha muuaji.

Glipikani-3 nayo ikashika. Glutamini sinthetasi ikagoma. Mbili zilitosha. Tukaandika saratani ya seli za ini, akasaini, na ripoti ikaenda kwa madaktari wa upasuaji jioni ile ile.