Kutoka fito hadi kuba

Nimetembelea Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na shingo bado inaniuma kwa kutazama juu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ndogo, na paa lake limeshaanguka. Lakini ukiingia upande wa kusini, uliopanuliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, unakuta kuba na matao ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo!

Kabla ya kuanza kujenga kwa mawe, watu wa pwani walijenga kwa fito na udongo. Kule Shanga, kisiwani Pate, waakiolojia walikuta msikiti wa mawe umesimamishwa juu ya mabaki ya misikiti ya miti. Jamani, mafundi hawa nawavulia kofia.