Siku moja maishani mwangu: natembeza wageni wanaokuja kutazama ndege, Dar

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai naangalia jedwali la maji kwenye simu. Leo bamvua, bahari inapwa na kujaa kupita kawaida: yatakupwa kabisa saa 4 asubuhi, yatajaa saa 10 jioni. Ratiba yangu ndiyo hiyo, mengine ni foleni tu.

Saa 12 na nusu tupo kwenye mabwawa ya majitaka ya Chuo Kikuu, Mlimani, mimi na mgeni wangu, mama wa makamo kutoka Uingereza. Anasema kwao bwawa limeganda barafu. Mimi shati limeshalowa jasho. Harufu ipo, siwadanganyi, lakini vibisi wanapiga mbizi na yangeyange wamejipanga ukingoni kama abiria wa mwendokasi.

Saa 4, Salenda. Kosa langu. Mgeni alitaka kuliona Daraja la Tanzanite, nikampeleka huku najua maji yako mbali. Ndege wote nukta tu, mbali matopeni. Tukanywa madafu, tukaondoka.

Saa 8, Kunduchi. Hapa sasa! Maji yanapanda, kila wimbi linatusogezea vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni waliozaliwa Siberia. Mara wakatua kumi na mmoja weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo: Dromas ardeola, mla kaa. Huyu huzalia pwani za Uarabuni na Somalia, huchimba shimo mchangani akataga yai moja tu. Mmoja alinasa kaa, akamtikisa mpaka miguu ikachomoka. Nyuma yake kinda, umbo sawa na mzazi ila mgongo wa kijivu, kainamisha shingo analia. Akapewa. Januari hii! Kavuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe, bado analishwa. Mgeni alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee aliyekuwa akishona nyavu akauliza kulikoni. Nikamwamkia, nikampa darubini. "Hao wanakuja na kaskazi, wanaondoka na kusi," akasema. "Kama majahazi ya Waarabu zamani."

Saa 10 tukawafuata ndege kwenye mashamba ya chumvi, wanakopumzika wakingoja maji yapwe. Mlinzi getini: kibali kiko wapi? Ninacho, ila jasho limekilowesha mfukoni, wino wote umesambaa. Dakika ishirini za kubembeleza. Alipotufungulia, mgeni akamwazima darubini, na ndege aitwaye sululu, wa kwanza kumwona akawa yeye mlinzi. Tukakaa nusu saa nzima tunasubiri aturudishie.