Aliniita mjanja, nikaitika

Mwezi wa tatu alikuja kaka mmoja dukani, huwa ananunulia ofisi yao vifaa, rimu za karatasi, faili, wino wa printa, mzigo ukafika laki mbili na ishirini, akalipa keshi vizuri tu afu akainamia kaunta akaniambia taratibu, dada niandikie laki tatu, hapo elfu kumi ya soda yako. Nikaandika. Karatasi ya kaboni ilikaa vibaya ikabidi niitoe niiweke upya, yani muda wa kuacha niliupata kabisa na sikuacha. Akaikunja risiti, "we ndo mjanja sasa". Toka siku hiyo kila akipita ananiita mjanja na mi naitika abee.

Kule kuitika ndo kumeniuma kuliko hata ile elfu kumi. Mi nimeokoka jamani, Yohana 1:12 inasema waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu, jina hilo nimepewa bure, sasa mjanja katokea wapi?

Juzi usiku nikawa nasoma Danieli sura ya 1. Vijana wa Yuda wamefikishwa Babeli, aya ya 7 wanabadilishiwa majina, Danieli ambaye maana yake ni Mungu ni mwamuzi wangu anaitwa Belteshaza, na sura ya 4 mfalme Nebukadreza mwenyewe anasema hilo ni kwa jina la mungu wake. Shule ya Wakaldayo, yani wenyeji wa Babeli, hawakuigomea, walisoma wakafaulu kuliko wote. Ila aya ya 8, mstari mmoja tu baada ya jina jipya, Biblia inasema "Lakini Danieli aliazimu moyoni mwake". Bado ni Danieli! Aliazimu asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, na aliazimu kabla hajakila, mi nilikuwa naamua peni ikiwa tayari mkononi, hapo ndo niliposhindwa.

Afu nenda sura ya 6, ni mzee sasa, Babeli imeshaanguka anatawala Dario, na kazi aliyopewa Danieli ni kupokea hesabu za maliwali ili mfalme asipate hasara. Hesabu, kama mimi na kitabu changu cha risiti. Maadui wakapekua kazi yake wakakosa kosa, wakamtega kwa kumwomba Mungu wake, na alipotupwa kwa simba mfalme alidamka alfajiri akamwita Danieli, mtumishi wa Mungu aliye hai. Miaka yote ile ya Belteshaza na bado mfalme wa kigeni anajua huyu ni mtumishi wa nani, hapo nilifunga Biblia nikalia.

Alhamisi yule kaka kaja, mjanja vipi. Nikamwambia kaka mi nimeokoka, naandika ulicholipa, na ile ya siku ile nilikosea. Akaniangalia, akavuka barabara akaingia duka la pili.

Jana tajiri kaniuliza mbona yule mteja hanunui tena kwetu. Nikamfungulia kitabu nikamwonyesha nakala ya mwezi wa tatu, nikamweleza yote, nikaweka na elfu kumi juu yake. Mpaka sasa hajanijibu kitu.