Moshi wa Nebraska, 1956

Wiki hii nimerudi kwenye data za Prairie Grass, jaribio la kupima jinsi gesi inavyosambaa hewani. Majira ya joto ya mwaka 1956, karibu na mji wa O'Neill huko Nebraska, Marekani, watafiti waliachia gesi ya dioksidi ya salfa kwa dakika 10 kila jaribio, mara nyingi kwenye kimo kisichofika nusu mita kutoka ardhini. Vifaa vya kunasa hewa vilipangwa kwa nusu duara, mita 50, 100, 200, 400 na 800 kutoka pale gesi ilipotokea. Uwanja ni tambarare, majani mafupi, hakuna kilima wala jengo. Hadi leo modeli nyingi za mtawanyiko, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri gesi au moshi utasambaa vipi hewani, hujaribiwa kwanza kwa data hizo.

Majaribio ya usiku ndiyo yananikosesha usingizi. Hewa ikitulia, moshi, yaani wingu la gesi, hauchanuki: vifaa vichache vinanasa karibu gesi yote, na vya pembeni yake vinasoma sifuri. Modeli ikikosea uelekeo wa upepo kwa nyuzi 5 tu, kwenye umbali wa mita 800 moshi umehama kama mita 70. Kiasi kinaweza kuwa sahihi kabisa, na bado kila kifaa kikaikana modeli.

Ndiyo maana wengi hulinganisha kilele, yaani kipimo cha juu kabisa, cha kila nusu duara bila kujali kilitokea wapi. Nawaelewa, maana modeli hutoa wastani, na uwanjani ulipimwa upepo wa dakika zile tu. Lakini moyo wangu haukubali tuishie hapo. Jirani wa kiwanda ana nyumba mahali fulani, na anachouliza ni kama moshi utafika kwake.

Kwa hilo naliheshimu sana ETEX, jaribio la Ulaya la kufuatilia gesi ikisafiri mbali. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ulaya ilitaka kujua kama modeli zake zinaaminika. Tarehe 23 Oktoba 1994 gesi isiyo na madhara iliachiwa Monterfil, magharibi mwa Ufaransa, ikafuatiliwa na vituo 168 katika nchi 17, kituo kwa kituo, kila saa tatu. Mwezi uliofuata wakarudia, na safari hiyo modeli ziliboronga. Jaribio la kwanza ndilo linalotajwa zaidi. Mimi la pili ndilo limenifundisha.

Kwenye ripoti ninayoandika nitaweka majedwali yote mawili, la vilele na la kifaa kwa kifaa, na usiku nitautenga na mchana.